Mteja mjamzito anataka nizime waifai kabla hajakaa kitini: nimjibuje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni msusi, nasukia nyumbani kwangu Mbezi, Dar es Salaam. Nina mteja wangu wa miaka mingi, sasa ana ujauzito wa miezi saba. Mara ya mwisho alipokuja aliiona ruta ukutani juu ya kioo, akaniomba nizime. Anasema mionzi yake inamuumiza kichwa na itamdhuru mtoto. Nikazima. Kumbe amewaambia na wenzake, sasa wateja watatu wananiomba hivyo hivyo. Kichwa kimoja cha rasta kinanichukua masaa matano hadi sita, mwanangu wa kidato cha tatu anasomea intaneti, na kuna wateja wanaonipenda kwa sababu kwangu wanapata waifai ya bure. Nikikataa naogopa kuwapoteza, nikizima nahisi kama nimekubali kwamba nyumba yangu ina sumu. Je, ni kweli waifai ina mionzi? Na nimjibuje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Swali lako nililisoma kimya kwanza, kisha nikalisoma kwa sauti mezani, mke wangu akisikiliza. Mimi ni mhandisi wa mawasiliano ya redio, yeye ni mkunga. Sikufika hata kwenye habari ya ruta, akanikatiza: "Huyo mama kichwa kinamuuma tangu lini? Presha yake imepimwa?"

Kwa hiyo naanzia hapo, kwa sababu yeye ndiye aliyeona jambo kubwa kuliko mimi. Mimba ikishavuka wiki 20, kichwa kinachouma sana na kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, zote hizo zinaweza kuwa dalili za presha ya ujauzito, ile ambayo ikiachwa huweza kugeuka kifafa cha mimba. Inaua mama, inaua mtoto, na haisubiri tarehe ya kliniki ya mwezi ujao. Mpigie simu leo. Usianze kumbishia kuhusu waifai. Muulize tu kichwa kinaendeleaje, na umsihi aende kituo cha afya leo leo wakampime presha na mkojo. Inawezekana kabisa ni uchovu, njaa au joto la Dar. Lakini mama mwenye mimba ya miezi saba akisema kichwa kinamuuma, hatutakiwi kuridhika na jibu la "ni waifai" mpaka kipimo cha presha kimesema neno lake. Hiki ndicho ninachokiogopa zaidi katika hofu hizi za mionzi: zinampa mtu sababu iliyo karibu, anaacha kuitafuta ya kweli.

Sasa tuje kwenye ruta.

Umeniuliza kama waifai ina mionzi. Ndiyo, ina. Ila Kiswahili chetu kimelibebesha neno hilo mizigo mingi mno. Tunasema mionzi ya jua, mionzi ya eksirei, na hapa Dar mtu akisema "mama anapigwa mionzi" hakuna anayeuliza zaidi, tunajua ni hospitali ya Ocean Road, tunajua ni saratani. Mama huyo huyo akifika hospitali anakuta bango kwenye mlango wa chumba cha eksirei linalomtaka aseme kama ana mimba. Halafu mtu anamwambia kwamba kile kisanduku chenye taa juu ya kioo nacho kinatoa mionzi. Kwa nini asiogope? Ameunganisha mambo ambayo lugha yenyewe imeyaweka kapu moja. Mimi nikiongea na watu wa nyumbani nasema mawimbi ya redio, kwa sababu ndivyo yalivyo. Ni ndugu wa yale yanayoleta taarifa ya habari kwenye redio ya bibi yako.

Tofauti ya mawimbi hayo na eksirei si ndogo. Nishati ya mionzi huja kwa vifurushi. Kifurushi cha eksirei kina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu, na hapo ndipo vinasaba vinapoweza kuharibika. Ili kung'oa huko kufanyike kunatakiwa kifurushi chenye nishati ya takribani elektroni-volti 10 (ni kipimo cha nishati ndogo ndogo kama hizo). Kifurushi cha waifai ya gigahezi 2.4 (gigahezi ni kipimo cha masafa, yaani kasi ya mtetemo wa wimbi) kina elektroni-volti 0.00001. Ni pungufu mara milioni moja. Na kuongeza idadi ya vifurushi hakusaidii: embe likiwa mita kumi juu mtini, walete watu wengi kadiri upendavyo wakae chini yake, kila mmoja arushe kijiwe kisichonyanyuka hata unene wa unywele. Embe halidondoki.

Kinachojulikana kwamba mawimbi ya redio hufanya mwilini yakiwa makali ni kupasha joto. Maikrowevu ya jikoni inafanya kazi kwenye gigahezi 2.45, jirani kabisa na waifai, na hapo ndipo watu wengi wanapopata hofu. Lakini maikrowevu inamimina kama wati 800 ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa. Ruta yako kwenye gigahezi 2.4 inatoa kama wati 0.1, tena inazisambaza chumba kizima. Mwili wa mteja wako mwenyewe, akiwa amekaa tu kitini, unatoa joto la wati zipatazo 100.

Kuna tume ya kimataifa ya wataalamu, ICNIRP, inayopanga viwango vya usalama vya mawimbi haya, na mara ya mwisho ilivipitia upya mwaka 2020. Kwa raia wa kawaida, kwenye masafa ya waifai, kikomo ni wati 10 kwa kila mita ya mraba. Ukikaa mita moja kutoka kwenye ruta ya wati 0.1, hata kama inarusha bila kupumzika, kinachokufikia ni wati 0.008 kwa mita ya mraba, yaani chini ya kikomo zaidi ya mara elfu moja. Ukisogea mpaka mita tatu, inashuka mara tisa tena. Na ruta hairushi bila kupumzika. Inasema kidogo, inanyamaza, inasema tena. Nguvu za mawimbi huanguka haraka sana ukizipa nafasi, na hili likumbuke, nitalirudia tukifika kwenye kiti chako.

Ngoja nikuambie jambo ambalo wateja wengi hawalijui, na pengine litakusaidia kuliko hesabu zangu zote. Ukizima waifai, simu iliyo mkononi mwa mteja haizimiki. Inahama tu, inaanza kutumia data ya laini. Kwenye waifai simu inaongea na ruta iliyo chumba hicho hicho, kwa hiyo inaweza kunong'ona. Kwenye data inabidi ifike kwenye mnara ulio labda kilomita nzima mbali, kupitia kuta za matofali na bati, na mtandao ukiwa hafifu simu inapandisha nguvu mpaka wati 0.2 hivi. Na mama mjamzito anayesukwa simu anaiweka wapi? Mapajani, imeegemea tumbo, anatazama video masaa matano. Mwaka 2007 wakala wa afya wa Uingereza wa wakati huo ulieleza kwamba mtu akikaa mwaka mzima kwenye eneo lenye waifai anapokea mawimbi sawa na ya dakika 20 za kuongea na simu sikioni. Simu nayo iko ndani ya viwango vya usalama, sisemi aogope simu. Ninachosema ni kwamba kama nia yake ni kupunguza mawimbi yanayomfikia mtoto, kuzima ruta na kubaki na simu tumboni ni kwenda kinyume na nia yake mwenyewe. Akitaka kweli, aiweke simu mezani, au aizime data kwa muda.

Angalia pia ruta yako ni ya aina gani. Kama ni ya faiba, waya unaingia ukutani na kinachorusha ni waifai peke yake. Kama ni ya laini, zile zenye kadi ya simu ndani, kuna mawimbi ya pili yanayoongea na mnara, na ukibonyeza kitufe cha waifai hayo hayasimami mpaka uchomoe umeme. Bado yapo mbali sana chini ya kikomo. Nakutajia ili usije ukamwambia mteja "nimezima kila kitu" wakati hujazima.

Wateja wako watatu huenda wakaja na hoja nzito kuliko hizi, na ni haki yao ujibu kwa ukweli. Moja ni kwamba Shirika la Afya Duniani limesema mawimbi haya yanaleta saratani. Ukweli wake ni huu: mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa shirika hilo, IARC, uliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, "huenda yakasababisha". Uamuzi huo uliegemea ushahidi finyu kuhusu watu waliotumia sana simu za mkononi zikiwa sikioni, haukutokana na ruta za nyumbani. Kundi hilo hilo lina achari za mboga za Asia na dondoo la jani zima la aloe vera. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi mpana uliofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani, nao haukuona uhusiano kati ya simu za mkononi na saratani ya ubongo.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa saluni, fungua orodha hiyo hiyo ya IARC uangalie kundi la 1, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Utaikuta fomaldehaidi, kemikali ile ile iliyo ndani ya fomalini ya mochwari, ambayo inatoka kwenye baadhi ya dawa za kulainisha na kunyoosha nywele zinapopigwa pasi ya moto. Kama unatumia dawa za namna hiyo, soma kibandiko chake, na usizipake kabisa chumba alimokaa mjamzito. Mteja anayeogopa ruta akivuta hewa ya dawa hiyo bila kuuliza, ninyi wenye kazi ndio mliopaswa kumwambia.

Hoja ya pili ni Ufaransa. Sheria yao ya mwaka 2015 ilipiga marufuku waifai kwenye maeneo ya vituo vya malezi yaliyotengwa kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, na ikataka shule za msingi ziizime wakati haitumiki kwa masomo. Ni kweli kabisa. Ile ilikuwa sheria ya tahadhari: wabunge walichagua kupunguza hata pale ambapo madhara hayajathibitishwa. Nchi ina haki ya kuchagua hivyo, na mama naye ana haki hiyo juu ya mwili wake. Mimi sioni kosa mtu kutaka tahadhari. Kosa naliona pale tahadhari inapotangazwa kana kwamba ni ushahidi.

Sasa kichwa kinachomuuma. Usimwambie anajidanganya, kwa sababu hajidanganyi. Maumivu ni yake na ni ya kweli. Watafiti wamewachukua watu wanaosema mawimbi yanawaumiza, wakawaweka kwenye majaribio ambayo mgonjwa wala mpimaji hajui kama chombo kimewashwa au kimezimwa. Uchambuzi uliotoka mwaka 2010 ulikusanya majaribio 46 ya namna hiyo yenye washiriki 1,175, na kwa ujumla haukukuta ushahidi wa kuaminika kwamba mawimbi yenyewe ndiyo yanayoleta maumivu. Watu waliumwa wakiamini chombo kimewashwa, hata kikiwa kimezimwa. Mwaka 2013 jaribio jingine la London liliwaonyesha baadhi ya washiriki filamu ya kutisha kuhusu waifai, kisha likawaweka wote mbele ya waifai ya uongo, isiyorusha chochote. Zaidi ya nusu ya washiriki wote walisema wamepata dalili, na filamu ilizizidisha kwa wale wenye wasiwasi mwingi. Hofu peke yake inauma mwilini, kama vile tumbo linavyosokota kabla ya mtihani.

Halafu, dada, nivumilie kwa hili. Mteja wako anaumwa kichwa akiwa kwenye kiti kilicho chini ya ruta. Kwenye kiti hicho hicho nywele zake zinavutwa masaa matano, shingo imeinama, huenda hajala tangu asubuhi. Rasta zilizobanwa kwenye mizizi zinaumiza kichwa, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Akija tena msuke kwa kulegeza, hasa mbele na pembeni, kisha umuulize anajisikiaje. Inawezekana ukagundua ruta ilikuwa imesingiziwa tu.

Umjibuje basi? Mimi ningesema hivi: "Dada, ukitaka nizime nitazima, kwangu si shida. Ila nisikudanganye, nimeuliza mtu wa kazi hizo, akasema mawimbi ya waifai ni madogo sana na si sawa na mionzi ya eksirei. Simu yako ukiiweka pale mezani utakuwa umepunguza zaidi. Uamuzi ni wako." Umemheshimu, umesema ukweli, na hujakubali kwamba nyumba yako ina sumu. Kuzima ruta mtu akikuomba ni kama kupunguza sauti ya redio kwa mgeni: unafanya kwa ukarimu, na ukarimu haudai uthibitisho wa kisayansi.

Lakini ukarimu huo una mipaka, kwa sababu nyumba ni ya watu wengi. Anayetaka waifai izimwe akujulishe anapoweka oda, umpange siku au saa ambayo hakuna mteja mwingine anayeihitaji. Wakikutana wawili wenye matakwa tofauti, yule aliyeweka oda mapema kwa makubaliano hayo ndiye anayefuatwa. Mwanao mnunulie waya wa mtandao, auchomeke kwenye ruta na kompyuta. Ruta nyingi zina kitufe ubavuni au nyuma kilichoandikwa WLAN. Ukikibonyeza waifai inalala na waya unaendelea kufanya kazi, kijana anasoma bila kubughudhiwa. Kama anasomea kwenye simu, akae na data kwa masaa hayo, gharama yake si kubwa ikiwa ni mara mbili kwa mwezi.

Usifanye ujanja. Kuna fundi aliwahi kuniambia kwamba wateja wa namna hii yeye huwafunikia taa za ruta kwa plasta nyeusi, wanaamini imezimwa, maumivu yanaisha, kila mtu anafurahi. Nilimkatalia pale pale. Siku mama atakapotazama simu yake na kuona jina la waifai yako bado lipo hewani, hutampoteza yeye tu, umewapoteza na wale watatu.

Na usitafute kipimo cha kumthibitishia. Hapa nina kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma, mama mmoja mtu mzima aliniita nyumbani kwake Tanga kwa hofu hii hii. Nikaenda na kile kipimo kidogo cha bei rahisi chenye taa za rangi na mlio, nikidhani akiona namba ndogo atatulia. Tulipozima ruta yake kipimo kikaendelea kulia, kwa sababu ya majirani na mnara wa barabarani. Kilitoa mlio na taa nyekundu kwa kiasi kilichokuwa maelfu ya mara chini ya kikomo. Mimi niliona namba, yeye aliona nyekundu. Alihamisha kitanda chake mara tatu mwezi ule, na mwanawe akanipigia simu kunilaumu. Alikuwa na haki. Kama mteja anataka kupimiwa kweli, yapo mamlaka yenye kazi hiyo. Hapa kwetu Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania hupima pia mionzi ya minara ya mawasiliano, kwa vifaa vinavyostahili na watu wanaojua kueleza kilichosomwa.

Usimuuzie wala kumpendekezea vibandiko vya kuzuia mionzi, vidani au bangili. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi iliwaonya watu waache mara moja kuvaa bidhaa 10 za namna hiyo, zikiwemo vidani na barakoa ya macho ya kulalia. Zilipopimwa zilikutwa na chembe zinazotoa mionzi ya kweli, ile ya jamii ya eksirei. Mtu alinunua kinga ya mawimbi yasiyo na nguvu ya kuvunja atomu, akajivika shingoni kitu chenye nguvu hiyo. Mojawapo ilikuwa bangili ya mtoto.

Vilevile usiandike mlangoni "hapa hatutumii waifai" ili kuwavutia. Utawapata wachache, na kila atakayepita akisoma ataondoka na hofu ambayo hakuja nayo.

Mwisho, chumba chako. Ihamishe ruta kutoka juu ya kioo, iweke upande wa pili, mita tatu au nne kutoka kwenye kiti. Waya mrefu utatosha. Kwa afya sioni kama ilikuwa lazima, lakini mteja hataitazama usoni masaa matano, na wewe utamjibu kwa mdomo mwepesi. Kisha hamishia wasiwasi wako kwenye yale yanayomgusa mjamzito kweli. Jiko la mkaa la kuchemshia maji ya kuchovya rasta likae nje, kwa sababu hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inamnyima mtoto oksijeni. Dirisha liwe wazi. Maji ya kuchovya yasibebwe juu ya mapaja yake. Kila baada ya saa moja muinue, atembee mpaka uani na kurudi, anywe maji, aende haja. Mimba huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa masaa matano bila kunyanyuka kunauongeza zaidi. Mke wangu anasema ungemgawia kichwa siku mbili, nusu leo na nusu kesho, na mimi namuunga mkono.

Ukishampigia, niandikie presha ilisomaje. Tangu jana usiku mke wangu ameniuliza mara mbili kama umejibu.